Vitanzi vya Sweta ya Jacktone

Kezia Robi alijifunza kupaka picha rangi akiwa msichana, katika studio ya mjomba wake mjini Migori, enzi ambazo picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ilikuwa kazi ya kijiti chenye pamba na rangi ya mafuta iliyosuguliwa mpaka ikawa nyepesi kabisa, ili uso wa mtu na nguo zake zibaki zikionekana chini yake. Maarusi walitaka midomo myekundu. Machifu walitaka vifungo ving'ae kama dhahabu.

Kufikia miaka ya tisini filamu za rangi zilikuwa zimefika hata miji midogo kama Uriri, na Kezia, ambaye sasa studio ilikuwa yake, alipiga zaidi picha za vitambulisho. Waliotaka kupakiwa rangi walikuja mmojammoja, na karibu wote walileta picha za marehemu.

Ndivyo alivyokuja Pauline Awino kutoka Sori, ufukweni mwa ziwa, mwaka wa 1998. Alifungua kitabu cha nyimbo za kanisa, akatoa picha iliyokuwa katikati. Mwanamume mrefu alikuwa amesimama kando ya mashua, mikono nyuma, amevaa sweta nzito juu ya shati.

"Huyu ni Jacktone, baba Lynnet," Pauline alisema. "Alizama. Tulipompata, tukamzika na hiyo sweta. Sasa tunafanya ibada ya ukumbusho, na nataka watu waione vile ilikuwa. Kijani. Lakini kijani ya sukuma wiki iliyokomaa, si ile ya nyasi."

"Una picha nyingine yake?"

"Ni hiyo tu."

Kezia alianza kazi siku ya soko asubuhi. Karatasi ya picha ile ilikuwa laini na yenye kung'aa, si kama zile za zamani zilizokunywa rangi. Kila alipopaka, rangi nyepesi iliteleza ikajikusanya pembeni. Basi akaikoleza. Akaikoleza tena. Hatimaye ilishika, na yeye akafurahi kwamba imeshika, asiangalie vizuri ilichofunika.

Pauline alipita jioni akitoka sokoni. Aliinama juu ya meza.

"Mama, umemvalisha nini? Koti ya mvua?"

Kezia akatazama tena, safari hii kwa macho ya mwenzake. Kweli, kifua chote cha Jacktone kilikuwa bapa la kijani, laini kama nailoni.

"Vitanzi vya uzi viko wapi?" Pauline aliuliza, na sauti yake ikaanza kupanda. "Hiyo sweta nilifuma na mikono yangu!"

"Pole, Mama Lynnet. Keti. Haijakauka, wacha niitoe."

Akachovya pamba kwenye tapentaini, akaanza kufuta polepole, mwenye picha akiwa amesimama nyuma yake bila kukubali kiti. Kijani kikatoka na kuhamia kwenye pamba. Chini yake sweta ilirudi, ya kijivu, nyuzi zake zote zikiwa salama.

Kezia angeweza kumrudishia picha na kumaliza maneno. Lakini alikuwa na rafiki mjini Homa Bay, Wesley Nyabuto, aliyechapisha kadi za harusi kwa kompyuta, na ambaye alikuwa amemweleza kwamba siku hizi picha hubadilishwa rangi bila karatasi kuguswa.

"Niachie nimpelekee," akasema.

"Sikuachii. Nitaibeba mwenyewe."

Wakaenda pamoja. Wesley aliiweka picha kwenye skana, na Jacktone akatokea kwenye kioo cha kompyuta, mkubwa kuliko Pauline alivyowahi kumwona tangu afe. Pauline akashika ukingo wa meza.

Wesley aliichora sweta mpaka wake, akaimwagia kijani kwa mara moja. Koti ya mvua ikarudi.

"Aka!" Pauline akasema. "Hata mashine?"

Wesley akafuta, akapunguza nguvu ya rangi. Sasa vitanzi vilionekana, lakini kwa mbali, kama vitu vilivyo nyuma ya ukungu, na kijani kikawa maji tu.

"Dada Kezia," Wesley akasema, "wewe kwa pamba ulikuwa unafanyaje?"

Kezia alifikiri. "Sikuwa ninafunika. Kivuli kilikuwa cha picha, na mwangaza ulikuwa wa picha. Mimi niliongeza rangi peke yake."

Wesley akakiweka kijani kwenye tabaka lake, juu ya picha, akafungua orodha ya namna za kuchanganya matabaka, ambayo hakuwa na haja nayo kwenye kadi za harusi. Wakazijaribu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilimfanya Jacktone aonekane ameungua. Nyingine ilimfifisha. Kisha wakafika kwenye ile inayochukua rangi tu kutoka juu, na kuacha giza na mwangaza wa chini vilivyo.

Sweta ikawa kijani. Kila kitanzi kilikuwa na kivuli chake, na mikunjo ya viwiko ilikuwa mahali pake.

Pauline alisogea, akaweka kidole karibu na kioo, upande wa kushoto wa kifua, penye kidoa cheusi kidogo.

"Hapa," akasema. "Hapa kitanzi kiliniponyoka. Uchungu wa kumzaa Lynnet ulinishika nikiwa nafuma. Nilitaka kurekebisha baadaye, Jacktone akakataa. Alisema huo ni mlango wa mtoto wake."

Wesley alijifanya kutafuta kitu chini ya meza. Kezia aliketi akiangalia kile kidoa, akakumbuka jinsi alivyokizika asubuhi nzima chini ya rangi nzito.

Nakala ya kwanza ilitoka kwenye printa ikiwa na ubuluu. Wesley alirekebisha, Pauline akakubali ya pili.

Kezia alihudhuria ibada huko Sori. Picha iliwekwa mbele, ndani ya fremu. Lynnet, sasa msichana mkubwa, alisimama karibu nayo sana, wala hakuna aliyemwambia asogee. Baadaye akaja Orpah, mama mzazi wa Jacktone, akaongozwa kwa mkono. Aliinua fremu mpaka karibu na macho yake.

"Sweta ni yenyewe," akasema. "Lakini hiyo shati ya ndani mmeiacha nyeupe. Haikuwa nyeupe siku hiyo ya picha, ilikuwa chafu. Nilimwambia abadilishe, akanikimbia."

Watu wakacheka, Pauline akiwa wa kwanza.