Duara la Yotamu na Mguu wa Severina

Yotamu alikuwa amechoka kabla kesi haijaanza. Miaka kumi na tisa ya kuchimba dhahabu Chunya ilimwachia kifua kibovu, mgongo usionyooka na maduara matatu yasiyotoa kitu. Duara, kwa wachimbaji, ni shimo refu la kushukia chini kufuata mwamba. La mwisho aliliacha mwezi wa nne, akalizungushia fito na miiba, akaenda kulala nyumbani wiki nzima kama mgonjwa.

Fito hazikumaliza hata mwezi. Kuni Chunya ni shida, na fito ambazo mwenyewe hayupo huishia jikoni kwa mtu. Asubuhi moja Severina, mama muuza uji, alipita njia yake ya siku zote na ndoo kichwani, akatumbukia. Mguu ukavunjika sehemu mbili. Ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, na uji wa kuzungusha machimboni hauwezi mtu anayechechemea.

Yotamu alitaka kwenda kumpa pole siku ileile. Shemeji yake Mika, aliyewahi kufagia ofisi ya wakili mjini Mbeya na tangu hapo anajiona jaji, akamkatalia.

"Shemeji, ukienda na pole umeshakiri. Wewe kaa kimya."

Upuuzi mtupu, lakini Yotamu hakuwa na nguvu ya kubishana. Akakaa kimya miezi kumi na minne, mpaka Severina akamshtaki, wakakutana Mahakama ya Wilaya. Pale alitaka jambo moja tu: aambiwe hana kosa, apate usingizi.

"Mheshimiwa, mimi nilizungushia," alisema. "Fito wameiba watu. Kosa la mwizi nalibebaje mimi?"

Hakimu, mama mtaratibu, aliandika weee, kisha akauliza, "Fito zenyewe ulizitoa wapi?"

Yotamu akakohoa. Kudanganya nako kunataka nguvu. "Kwenye duara la jirani yangu Sosthenes, Mheshimiwa. Alikuwa ameliacha."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alisema kwamba basi Yotamu alijua vizuri fito za duara lililoachwa huchukuliwa, maana na yeye alichukua. Sheria haikumtaka apige ramli. Ilimtaka amfikirie mtu apitaye karibu na shimo lake, na afanye ambalo mtu makini angefanya: alifukie, au walau arudi kulitazama. Hakurudi hata siku moja. Na mguu wa mama huyu haukuvunjwa na kitu kingine ila kuanguka mle. Huo ndio uzembe, akasema, na mwenye uzembe hulipa.

Nje, Mika alianza habari za rufaa. Yotamu akamwacha anaongea peke yake, akamfuata Severina aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akipumzisha mguu.

"Mama, pole sana. Pole kwa yote."

Hasira ilikwisha kumtoka Severina zamani. Kilichobaki ni uchovu, sawa na wa Yotamu.

"Baba, mimi nilikusubiri hospitali," alisema. "Kila mlango ukifunguka nasema ni wewe. Ungekuja na hilo neno tu, huku tusingefika."