Sauti Nyuma ya Matete

Safi aliolewa mwaka wa hamsini na mbili, akatoka Kirundu akaja Stanleyville, mji ambao kwao waliuita Kisangani tu. Mumewe, Alfani, alikuwa fundi cherehani, mtu wa familia za zamani za Kiislamu, na alitaka mke wake akae kwa heshima. Akazungushia lupango lote, yaani kiwanja cha nyumba, ua wa matete, mrefu kupita kichwa cha mtu.

Basi Safi akaishi humo ndani. Asubuhi ukungu wa mto ulipanda mpaka kwenye matete, na kutoka ng'ambo yake ilikuja sauti ya mwanamke akiimba Lingala huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. Siku moja Safi alikohoa. Sauti ikanyamaza, kisha ikamwuliza kama anaumwa. Ndivyo walivyoanza. Jirani aliitwa Adèle, Mkristo, mtu wa Basoko. Mume wake, Hubert, alifanya kazi kwenye meli za mtoni. Wanawake hao waliongea wakiosha vyombo, wakianika nguo. Kupitia tundu chini ya matete walipeana matembele, chumvi, kaa la moto. Safi aliijua mikono ile, mipana, yenye kovu kidoleni. Lakini sauti ilikuwa nyepesi sana, kwa hiyo alimwita dada, na akijilaza mchana alimwona usingizini: msichana mrefu, rika lake.

Mwaka uliofuata ikaja mvua ya upepo. Iling'oa ua wote ikautupa barabarani. Mvua ilipokatika, Safi alitoka mlangoni, na mbele yake, kati ya madimbwi yaliyokuwa na mawingu ndani yake, alisimama mwanamke mwenye nywele nyeupe. Mikono yake ilikuwa mipana, yenye kovu kidoleni. Safi alishikwa na haya, akapiga magoti kidogo kama mbele ya mama mkwe.

"Mama," akaanza.

"Apana," Adèle akasema. "Uniite tu dada. Njo vile masikio yangu imezoea."

Alfani alileta matete mapya. Safi akamwomba angoje udongo ukauke. Ulipokauka, wanawake walikuwa wamekwisha kupanda maharagi pale pale ulipopita ua. Alfani alisimama na mzigo wake begani, akiyatazama machipukizi. Akaketi, akanywa chai aliyoletewa na Adèle, halafu akaanza kuchomeka matete moja moja, yakiachana, maharagi yapate pa kupandia. Upande wa barabara alijenga ua upya. Upande wa jirani hakujenga tena.

Walikaa hivyo miaka kadhaa, mpaka Hubert alipoacha kazi na kutaka kurudi Basoko. Safi aliomba ruhusa, akamsindikiza Adèle bandarini. Hakuwa amewahi kusimama karibu na mto tangu aolewe. Walishikana mikono mpaka watu wa meli wakaanza kufungua kamba.

Akarudi kwa miguu, polepole, akiushangaa upana wa yale maji, na Alfani hakumwuliza kwa nini alichelewa.