Shahada ya Dada Iliyozidi

Dada yangu ni mhandisi wa mazingira. Kwa hesabu ya nyumbani kwetu Ibra, huyo ni mtu aliyesoma miaka saba ili aje kukaa na sisi achambue mchele.

Alipomaliza shahada ya kwanza, ofisi za Maskati zilimwambia zinataka wenye shahada ya pili. Akarudi chuoni Nizwa, akaichukua. Alipotoka nayo, wenye mitambo ya maji machafu wakamwambia watu wa shahada ya pili hawataki matope, wanataka meza na kiyoyozi, na kabla mwaka haujaisha wamekimbia. Nikamshauri aikate ile karatasi nusu, kila upande apeleke kipande. Akanirushia kandambili.

Mwisho aliamua kuificha. Kampuni moja ya kusafisha maji machafu kule Sur ilitangaza kazi, naye akaomba kama mtu wa shahada ya kwanza tu. Miaka ya Nizwa akasema alikuwa nyumbani anamuuguza bibi yake. Bibi huyo akipiga chafya, kuku wa jirani wanatawanyika. Dada akaitwa kwenye mahojiano.

Bibi hatukumwambia. Utamwambia vipi? Katoka Unguja msichana mdogo, mikono mitupu, na shahada za wajukuu ndiyo dhahabu yake. Ile ya pili anaiita majistiri, kama Waarabu, na hulitamka neno hilo kama anaonja halua.

Na safari yenyewe hakuikosa.

"Mtoto wa kike aende Sur peke yake?"

"Anakwenda na Baba, Bibi."

"Baba yako mwanamme, ataona nini?"

Basi tukaenda wote. Tukapita Bidiya, mchanga ule mwekundu mkono wa kulia, Baba kwenye usukani, Dada kaketi mbele anajisomea majibu, mimi nyuma na chupa ya kahawa ya Bibi miguuni.

Sur joto lake la maji maji. Dada akaingia ndani, Baba akaenda kutafuta kivuli cha gari. Bibi akakataa kubaki garini. "Mnanioka?" Nikakaa naye mapokezi, na chupa yake ya kahawa.

Mlango ulipofunguka, Dada alitoka na uso ambao sijauona tangu siku ya mahafali. Nyuma yake mhandisi mkuu, kanzu nyeupe, ndevu zimeanza mvi, anasema kwa Kiarabu kwamba wamechoka na wenye vyeti vikubwa, wanataka mtu atakayekaa. Dada anaitikia kwa kichwa. Nikaanza kuona mshahara wake wa kwanza, na pitsa yangu.

Hapo Bibi akanigombeza kwa Kiswahili: "Kaa vizuri we, umejimwaga kama uji!"

Yule bwana akageuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu! Nyie wa wapi?"

"Mama yangu wa Wete."

Khalas, imekwisha. Watu wetu wakikutana hivyo, hawaachani mpaka ipatikane harusi moja ambayo babu wa huyu na babu wa yule walikula sahani moja. Vikombe vikatoka mkobani. Nikamfinya Bibi kidole, anyamaze. Akanipiga kibao cha mkono bila hata kunitazama.

"Na wewe bibi, umeshapoa?" akauliza mhandisi. "Mjukuu wako kaniambia alikuwa akikuuguza."

"Mimi? Naumwa nini mimi? Alikuwa Nizwa akisoma! Huyu ana majistiri, mwanangu. Majistiri ya mazingira!"

Yule bwana akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kuonesha ametosheka, akakirudisha kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote. Halafu akamwangalia Dada.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniita?"

Akatazama sakafu. "Wallahi, nisingekuita."

Hata hasira hakuwa nayo. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu akikukasirikia, angalau una pa kushika ukajitetea.

Njia nzima ya kurudi Bibi alikuwa anashangilia. Kijana yule ni damu yetu, nyanya yake na shangazi wa Bibi walisuka ukili baraza moja, kazi tumepata. Mimi ambaye hata msibani nimewahi kutolewa nje kwa kuchekesha watu, nilihesabu nguzo za umeme mpaka Ibra.

Jibu lilikuja kwenye simu siku chache baadaye, tuko chakulani. Dada akalisoma, akailaza simu kifudifudi.

"Wanasemaje?" Bibi akauliza.

"Wanasema nimesoma sana, Bibi."

Bibi akapiga kigelegele. "Si nilikwambieni! Wameona wenyewe!"

Baba alijiongezea wali kwenye sahani iliyokuwa bado imejaa.

"Na ile ya tatu," Bibi akasema, anamsogezea Dada kipande cha samaki kilichonona, "inasomwa wapi?"

Dada akatoa mwiba mmoja, akauweka pembeni.

"Nizwa pia ipo, Bibi."