Mawe Mawili Chini ya Kitanda

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Kazi yangu ilikuwa ushonaji, na hata mbele ya cherehani mguu mmoja ulikanyaga huku mwingine ukitafuta pa kwenda. Kwa hiyo nilipooa, miaka michache baada ya uhuru, harusi yenyewe haikunitisha. Iliyonitisha ni fungate: siku saba ndani ya nyumba ya wakwe, Bagamoyo mjini, katika chumba kimoja, kula na kulala, kulala na kula.

Na mimi nilikuwa na kiungulia. Si kile cha kubeua mara moja ukamshukuru Mungu. Changu kilipanda toka chembe cha moyo hadi kooni, kichungu, na nikijilaza baada ya kula nilikurupuka kama niliyemeza kaa la moto. Dresa wa zahanati ya kwetu Mlingotini alinipa dawa nyeupe ya maji pamoja na masharti: niache pilipili, kahawa na vya kukaanga; nile kidogo kidogo; nisilale kabla chakula hakijashuka; na kitanda nikiinue upande wa kichwani kwa mawe. Nilimuuliza kama ni lazima yote hayo.

"Basi chagua unachotaka kiungue," akanijibu.

Wakwe sikuwaambia. Wao walikuwa watu wa mji wa kale, na mimi kwao nilikuwa mtoto wa mkulima wa minazi, niliyekubaliwa kwa shingo upande. Bwana harusi asiyeweza kula wangemfikiria nini?

Siku ya kwanza ikaletwa supu ya pweza. Aliyeileta ni somo wa mke wangu, mwanamke mtu mzima aliyemfunda tangu uwari wake, na ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuingia chumbani kwetu. Pilipili manga ilielea juu ya supu. Mchana likaja pilau, kuku wa kupaka na achari ya ndimu. Sinia liliporudi jikoni wanawake walilikagua, maana sinia tupu ndiyo sifa ya bwana harusi. Nilionja vijiko viwili nikaanza kutembea, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, mkono kifuani. Mke wangu, ambaye tulikuwa hatujazoeana hata kutazamana, alinifuata kwa macho weee, mwisho akauliza, "Nimekuudhi?"

Nikamwambia kweli. Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga, kisha akalivuta sinia akala sehemu yangu yote. Siku tatu mfululizo mtoto wa watu alikunywa supu ya pweza ili kulinda heshima yangu. Siku ya pili nilipokwenda uani kutawadha nilirudi na vipande viwili vya matumbawe vilivyodondoka ukutani, kimoja bado kina chokaa ya buluu. Kitanda kilikuwa cha samadari, kizito. Yeye akainua, mimi nikasukuma jiwe, mguu huu, kisha mguu ule. Akaapa hatamwambia mtu.

Siku ya nne somo aliingia kufagia. Akainama mvunguni, na ufagio ukamtoka mkononi.

Jamani, mawe ni mawe tu. Lakini yeye hakuona mawe, aliona kitu kilichowekwa. Mtu wa shamba, chakula cha wakwe mbele ya somo anakionja kwa ncha ya kijiko, hatulii, mchana kutwa anapiga hatua chumbani akijishika kifua, na chini ya kitanda cha binti yao kuna mawe mawili yaliyopangwa sawasawa. Kwao hapakuwa na la kuuliza tena. Nilikuwa nimemroga binti yao.

Alasiri niliitwa ukumbini. Mawe yangu yalikuwa juu ya mkeka. Mama mkwe alikaa nyuma ya pazia, kwa kuwa kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, akasema na somo kana kwamba mimi ni kiti.

"Mwambie, binti yangu anabaki hapa. Yeye arudi kwao na mawe yake, na talaka ailete."

Nikinyamaza, nimempoteza mke. Nikisema, nimekuwa kichekesho cha mji mzima. Nilimsikia mke wangu akilia chumbani. Neno moja tu lake lingeniokoa, lakini alikuwa ameapa, na kiapo alikishika. Kilio kile ndicho kilichonifungua mdomo.

"Mwambie mama mimi si mchawi," nikasema. "Mimi ni mgonjwa. Nina kiungulia."

"Kiungulia!" Somo akapiga makofi. "Mwanamume mzima, kiungulia? Na sie tunakutilia pilipili! Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu."

Nikaeleza yote, hata supu ilikokuwa ikiishia. Kisha sauti ya mama mkwe ikaja, imeshuka.

"Muulize, kinapanda akilala tu, au hata akiinama?"

"Hata nikiinama, mama."

"Na hayo mawe yanamsaidia?"

"Yananisaidia sana."

Nilidhani ananikejeli, na kejeli hiyo niliibeba moyoni kwa miaka. Lakini talaka haikutajwa tena, na jioni ile, jua halijatua bado, somo alileta ndizi za kuchemsha na samaki wa kuchoma asiye na hata chembe ya pilipili. Nilipoyaomba mawe yangu niliambiwa yametupwa baharini. Nikatumia vipande vya mbao.

Tukahamia nyumba yetu. Nilijifunza kula mapema, kutembea hadi ufukweni na kurudi kabla ya kulala, na kukaa barazani bila kugusa kahawa huku wenzangu wakinitania. Kila Ramadhani, futari ya kwa wakwe ilipoandaliwa, kando kulikuwa na chungu kidogo cha muhogo wa nazi nyepesi, bila pilipili wala tangawizi. Bakuli langu lilijazwa humo. Walikiita chungu cha mgonjwa, nami nilikuwa nikichukia jina hilo, ingawa nilikuwa nikikimaliza.

Mama mkwe alifariki baada ya miaka tisa. Sikuwa nimewahi kuingia chumbani kwake. Siku ile tuliitwa, mimi na mwanamume mwingine, tukitoe kitanda chake, kupisha kitanda cha kuoshea maiti; mwenyewe alikwisha kulazwa mkekani, kafunikwa. Tulipokishika, kichwani kilikuwa juu kuliko miguuni, nikatazama chini.

Mawe mawili. Moja lina chokaa ya buluu.

Kwanza nilikasirika, Mungu anisamehe, mbele ya maiti. Kisha nikakikumbuka chungu cha mgonjwa. Hakikuwa changu. Kilikuwa chake, akinigawia, na mimi miaka yote nikinuna.

Matanga yalipokwisha niliyafunga mawe katika kikoi nikaenda nayo nyumbani. Mke wangu aliyatazama. Akainua kitanda, mimi nikasukuma.