Mlango Nilioucheka

Mimi nina domo, na safari hii limenifikisha pabaya. Trela ya filamu mpya ya Vita vya Kagera ilipotoka, mimi fundi simu wa Buhembe nikajifanya mchambuzi. Niliisimamisha picha baada ya picha nikitafuta makosa, mpaka nikamwona mwanaume anakimbia mabomu huku amejitwika mlango. Nikauzungushia duara jekundu, nikairusha picha hiyo kwenye kundi letu la mashabiki: "Mtu anakimbia vita na mlango! Hawa walimuuliza nani?" Walicheka mno, nami nikavimba kichwa.

Jumapili tukaenda Buganguzi kwa wakwe. Sifa za mtandaoni hazikunitosha. Tulipomaliza kula ndizi za ebitoke nikamwonyesha mama mkwe ile picha, nikaurudia mzaha wangu kwa sauti. Mke wangu akanikanyaga mguu. Mjinga mimi, nikadhani kateleza.

"Waliniuliza mimi," mama akasema taratibu. "Huyo ni marehemu baba mkwe wako. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mgonjwa, hawezi kubebwa mgongoni. Mzee akaung'oa mlango wa nyumba, tukamlaza juu yake, tukavuka naye mto. Akafia njiani. Tulipokwisha kumzika, mzee akakataa kuuacha ule mlango. Akajitwika mpaka hapa. Ndio huo uliougonga ulipokuja, mwanangu."

Nikazima simu. Nilitamani kutoka nje, nikalie huko. Nyumba ile ina mlango mmoja tu.