Siku Shangazi Mita Alipochomeka Bila Kupima

Shangazi yangu ni fundi redio, na mtaa mzima unamwita Mita kwa sababu hagusi kitu kabla ya kukipima umeme. Hata betri ya saa ya ukutani anaipima. Umwambie ni mpya, umetoka kuinunua sasa hivi, atakuangalia kama umemtukana. Wateja wengine walikuwa wanamkimbia, nakwambia.

Juu ya kabati lake kuna kompyuta ya zamani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, ya marehemu mwanawe. Binamu alimtungia mama yake wimbo kwa kompyuta hiyo, akauhifadhi kwenye kanda inayosomwa na kompyuta ya aina hiyo tu, si redio. Shangazi aliucheza kila Jumapili, mpaka chipu moja ya kumbukumbu ilipokufa. Tangu hapo, kimya. Tulitafuta chipu nyingine hadi tukakata tamaa.

Juzi nikampelekea kompyuta ya jina lile lile, umbo lile lile, ila toleo la baadaye. Tukaiwasha: nzima! Shangazi alinikumbatia nusura anivunje mbavu. Papo hapo akaizima, akaifungua, akang'oa chipu moja. Miguu kumi na sita, sawa kabisa na ile iliyokufa. Akaipachika kwenye kompyuta ya mwanawe, akawasha.

Moshi.

Mungu wangu! Nilichomoa waya ukutani kwa pupa. Shangazi alisimama vile vile, kidole bado kwenye swichi.

"Chipu za toleo la kwanza zinakula volti kumi na mbili," akasema polepole. "Za toleo la pili, tano tu. Najua. Nayajua haya tangu hujazaliwa."

"Sasa mbona hukupima?"

Akaondoa kidole kwenye swichi. Nami hasira zikanipanda, maana sasa zote mbili zilikuwa na pengo la chipu, na hakuna hata moja ya kusoma kanda.

"Lakini Shangazi jamani, ile nyingine si ilikuwa nzima? Si tungeweka kanda humo, tukasikiliza tu?"

Akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Nilitaka iimbe hii. Hii ndiyo aliyokuwa akiibonyeza."

Kisha akang'oa chipu iliyoungua, akaniambia nirudishe umeme, akachukua mita yake na kugusisha ncha zake pale kwenye soketi tupu ya chipu.

"Kumi na mbili," akanisomea. Akafuta machozi kwa mkono wa gauni, akapima tena.