Ukuta wa Nyuma ya Samaki

Ulikuwa ule mwaka ambao Songea nzima ilikula ugali wa muhogo. Si kwamba mahindi hayakuota. Yaliota mpaka tukachoka kuyabeba, lakini bei ikapanda, malori yakaja kupakia hadi shambani, na kila mtu akauza kama vile tumbo halitauliza tena kesho. Tulipogutuka, ghalani kulikuwa na panya na vumbi. Tukaanza kununua makopa, muhogo mkavu, kutoka Tunduru, tunatwanga, tunasonga ugali unaonata kwenye vidole, watoto wananuna. Jirani yangu ni Mnyasa, kwao ziwani muhogo ndio chakula chenyewe, basi akawa anapita uani kwangu kila mchana kuchungulia sufuria.

"Haya, Mngoni," ananiambia, "mwaka huu na wewe umekuwa mtu."

"Pita na dagaa wako," namjibu. "Umeninukishia mpaka nguo kwenye kamba."

Huo ndio mwaka ambao samaki waliingia nyumbani kwangu wakiwa hai, na hawakupikwa.

Waliletwa na mwanangu wa mwisho. Ninaishi naye, au niseme sawasawa: yeye na mkewe wanaishi kwangu. Binti yao alikuwa anajiandaa kupata kipaimara, baba yake akamuuliza anataka zawadi gani. Wenzake wanaomba simu. Yeye akaomba samaki wa kuangalia. Mtoto huyo ananiita mke mwenza, maana marehemu babu yake ni mume wetu sote wawili kwa utani wetu, na mimi sijawahi kumnyima kitu. Fundi vioo wa mjini akatengeneza tangi refu kama hori la ng'ombe, na rafiki wa mwanangu akaleta samaki kutoka Mbamba Bay ndani ya ndoo yenye mfuniko. Visamaki vya kidole, vingine bluu, vingine njano kama embe.

Jirani alikuja kuwaona akacheka mpaka akakaa chini. "Hawa mama yangu alikuwa anakausha juani," akasema. "Ninyi mnawawekea taa."

Sasa tangi likatafutiwa mahali. Sebuleni kulikuwa na soketi moja tu isiyo na kazi, na mbele yake kabati langu la vyombo, ambalo halijasogezwa tangu mwanangu aoe. Wakalisogeza. Nyuma ya kabati ukatokea ukuta wangu.

Inabidi niueleze ukuta huo, la sivyo mtaniona mwanamke mkaidi tu.

Mume wangu alipofariki, wanangu walikuwa bado wa kubebwa na wa kushikwa mkono. Ndugu zake wakaniambia nirudi kwetu, watoto watabaki kwao. Sikubishana. Nilichukua jembe nikashuka bondeni. Nilichimba udongo, nikaukanyaga kwa miguu, nikafyatua tofali kwa kalibu ya mbao, nikazianika na kuzifunika nyasi. Mvua ya kwanza ilinyesha kabla ya wakati wake ikanirudishia udongo wangu kama uji. Nikaanza upya. Nilipanga tanuri na kaka yangu, tukalikandika, tukalichoma. Mafundi wa kujenga niliwalipa kwa pombe ya ulanzi na maharage, na kila tofali waliloliweka nilikuwa nimelibeba kichwani kutoka bondeni. Nywele za utosini zilikatika, hazikurudi vizuri mpaka leo. Mimi nimesoma darasa la tatu, sikumaliza hata hilo. Lakini nyumba ilisimama, na wale waliosema nirudi kwetu walikuja kunywa ulanzi ndani yake.

Mwanangu alipopata kazi alianza kuipendezesha. Alianza na bati jipya. Halafu akapiga lipu vyumba vyote, nje na ndani, akapaka rangi. Akaweka marumaru sakafuni, zinazoteleza mpaka natembea kama kuku aliyekanyaga mafuta. Akaweka dari la jipsamu lenye vishimo vya taa. Mimi sikusema kitu, na sitaki mtu adhani niliumia. Mama gani anakataa mwanawe akitaka kumtunza? Ila wageni wakiingia husimama katikati ya sebule, wanaangalia juu, wanaangalia chini, halafu wananipa mkono. "Hongera mama. Kijana amekujengea nyumba."

Amekujengea. Mara ya kwanza nilifungua mdomo nijibu. Nikamwona mwanangu amesimama mlangoni, uso umemng'aa, nikaufunga.

Kipande hicho cha nyuma ya kabati mafundi wa lipu walikiruka kwa uvivu wa kusogeza vyombo. Basi ndicho kilichobaki: tofali zangu wazi kwa macho, nyekundu, nyingine zimeungua zikawa nyeusi pembeni. Tangi lilipowekwa mbele yake na kujazwa maji, taa ikawashwa, ukuta ulikuja karibu. Sijui maji yanafanyaje. Kila tofali lilikuwa kubwa kuliko lilivyo, na juu yake nikaona vidole vyangu. Nilikuwa nikilainisha tofali kwa mkono kabla halijakauka, kwa hiyo vidole vinne vimepita juu ya kila moja, kama mtu aliyekwangua sufuria. Samaki wa bluu akapita mbele ya vidole vyangu. Nikakaa kwenye kiti nikamwangalia mpaka chai ikapoa.

Mkamwana wangu alisimama nyuma yangu. Ni mwanamke mzuri, ananiheshimu, hajawahi kunipita asubuhi bila shikamoo. Lakini ana macho ya nyumba za kwenye simu.

"Mama, hapo nyuma tutaweka picha," akasema. "Na siku ya kipaimara paroko akija, na wageni, huo ukuta uwe umeshapigwa lipu. Unaonekana kama stoo."

Jioni walikaa wote watatu kuchagua picha kwenye simu ya mwanangu. Kuna watu kazi yao ni kutengeneza picha za kubandika nyuma ya tangi la samaki, sikujua. Wakanionyesha. Bahari yenye matumbawe, ya bluu kali. Msitu wenye maporomoko. Nguzo za mawe zilizoanguka. Nyumba ya Kichina.

"Samaki wa Nyasa anafanya nini Uchina?" nikauliza.

"Mke mwenza, ni pambo tu," mjukuu akasema. "Wenyewe hawajui."

"Wewe unajua. Mimi najua."

Nikawakumbusha picha yangu ya harusi. Tulipigwa Peramiho, mbele ya kitambaa kilichochorwa bahari na minazi, na mimi sijawahi kuona bahari mpaka leo. Mume wangu aliipenda picha ile kuliko mimi. Alikuwa anaionyesha kwa watu anawaambia, hapa tulikuwa Dar es Salaam, na wanamwamini. Tulicheka nayo sana. Kwa hiyo sikatai picha kwa kuwa ni picha. Ile ya bahari ya bluu, kusema kweli, ilinivutia. Samaki wa njano angeonekana kama taa.

"Basi tuchukue ya bahari," mwanangu akasema. "Fundi lipu anakuja Jumatatu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vitu viwili, picha na lipu, vimefungwa kamba moja. Nikaweka kikombe chini.

"Ukuta huu haufunikwi," nikasema. "Subirini nife kwanza."

Mkamwana akaangalia mikono yake. Mwanangu akacheka kidogo, akaona sicheki.

"Mama, nimebadilisha bati, nimebadilisha sakafu. Hukusema hata neno. Leo kipande cha ukuta unanitajia kifo?"

Nilikuwa na jibu, lakini jibu lenyewe lingekuwa kumwambia: watu wanasema umenijengea nyumba, na wewe unawaacha waseme. Mtoto hawezi kuambiwa hivyo mbele ya mkewe na binti yake. Na pengine hajui kabisa kwamba anawaacha. Alikuwa mgongoni kwangu wakati ule, amefungwa kwa kitenge, analala huku ninakanyaga udongo. Kwake nyumba ilikuwepo tu, kama mlima wa Matogoro ulivyokuwepo. Nililala na hilo, nikaamka nalo. Nilijiuliza kama ni kiburi. Ni kiburi. Nikajiuliza kama kinamdhuru mtu. Hapo nikamfikiria mkamwana, maana naye alikuwa na aibu yake ya kweli, wageni wanamhesabu yeye na usafi wa nyumba, si mimi.

Jumatatu fundi lipu hakuja, mwanangu alimzuia. Nikadhani yamekwisha.

Siku chache baadaye akarudi kutoka mjini amekumbatia bomba la karatasi, kutoka pale wanapochapa mabango ya harusi na ya misiba. Binti yake anamfuata anatabasamu mpaka masikioni. Jirani yangu alikuwepo, amekuja kuomba chumvi. Wakafungua karatasi wakaishika nyuma ya tangi, mmoja huku, mmoja huku.

Ilikuwa ni ukuta wangu. Mtoto alikuwa ameupiga picha kwa simu nilipokuwa kanisani, wakaichapa kubwa. Tofali zote, wekundu wake, weusi wa pembeni.

"Unaona, mama?" mwanangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyehangaika. "Tunapiga lipu, mama mtoto anapata ukuta wake msafi. Na nyuma ya samaki unabaki ukuta wako, kila siku, hauvunjiki, haufifii. Kila mtu amepata."

"Ni ule ule," jirani akasema. "Tena huu umeoga."

Ni kweli ulikuwa mzuri. Nilisogea. Nikatafuta vidole vyangu, nikavikuta, vinne, mahali pake. Nikaweka mkono juu yake. Karatasi ilikuwa laini na ya baridi kama mfuniko wa ndoo. Nikapeleka mkono kwenye ukuta wenyewe pembeni ya tangi, vidole vikaingia kwenye mifereji yake. Havikuingia vizuri. Vimepinda siku hizi, vya sasa na vya zamani havilingani tena. Lakini vilishika.

Wote walikuwa wananiangalia. Mtoto ameacha kutabasamu. Nilitamani kumpa mwanangu furaha ile, alikuwa ameitafuta kwa bidii.

"Kaa, nikwambie nani aliyejenga hapa," nikamwambia. Akakaa, karatasi mkononi, na mkewe akaja kutoka jikoni akakaa. Nikawaambia yote, bondeni, mvua, ndugu za baba yake, utosi wangu, na yeye mgongoni. Hata jirani hakutia utani. Nilipomaliza mwanangu alikuwa ameinama, anaikunja ile karatasi polepole irudi kuwa bomba. Akauliza, kwa upole kabisa, kama walau pembeni ya tangi panaweza kupigwa lipu kidogo.

"Ukuta huu haufunikwi," nikasema. "Subirini nife kwanza."